Tembo Asiyegusa Chini

Rumonge, 11 Februari 1962

Dada yangu Esha binti Feruzi,

Shikamoo dada. Afya yako je? Lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limetulia, au bado unakwenda sokoni kwa kushika ukuta? Sisi huku ni amahoro, amani tupu, tunamshukuru Mungu. Swaumu imetukuta na joto, lakini jioni upepo wa ziwa unaingia mpaka uani na tunafuturu vizuri. Mke wangu Zena anakusalimu sana. Anasema mbegu za bamia ulizotuma zimeota zote, hata zile zilizomwagika mlangoni, na sasa mgeni akija lazima aruke bamia ndipo aseme hodi.

Sasa nikueleze jambo lililonikalisha chini na kalamu. Unanijua, kalamu naishika kama brashi, mstari mmoja jasho moja.

Mwezi wa saba, tarehe moja, na sisi tutapata independansi, uhuru wetu, kama ninyi mlivyopata mwezi wa kumi na mbili. Kamati ya sherehe imekwisha kuanza kazi. Karani wao anaitwa Jean-Pierre, kijana mwenye miwani, suruali imenyooka kama rula. Alikuja kibandani kwangu ufukweni akanikuta naandika jina kwenye mtumbwi. Alisimama kimya mpaka nikamaliza herufi ya mwisho, na hapo nikampenda, maana watu wengi huniongelesha katikati ya herufi.

Akasema, "Muzee Alimasi, mukono yako iko muzuri. Tunataka picha kubwa ya kutundika nyuma ya viti vya wakubwa. Wanyama wa nchi yetu. Iwe kubwa, mutu wa kule barabarani aione."

Nikamuuliza, "Na watu wa mtaa wetu, siku hiyo watakaa wapi?"

Akavua miwani akaifuta. "Wageni watasimama nyuma ya kamba. Nafasi iko."

"Wageni ni nani?"

"Muzee, unajua. Ninyi Waswahili. Wazee wenu walikuja."

Sikukasirika, dada. Alisema kama mtu anayesoma karatasi ya mwenzake. Lakini neno lile lilikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Mimi nimezaliwa hapa. Baba amezikwa hapa. Nikamwambia, "Picha nitaichora bure. Ninachotaka ni viti vinane, mbele, chini ya picha yenyewe, kwa wazee wa mtaa wetu."

Akafikiri, akasema, "Picha ikiwa nzuri, viti viko. Ikiwa mbaya, tutatundika matawi ya michikichi, na kila mutu mahali pake."

Basi nimeshika kazi. Zena ameshona pamoja matanga manne ya mashua kuukuu, tumepata kitambaa cha hatua tisa kwa urefu. Nimekitandaza kwenye ukuta wa ghala la samaki. Kiboko namjua, anakula mihogo ya watu huko Muhuta. Mamba namjua. Nyani na tumbili nimekwenda kuwatazama msituni Kigwena siku mbili, wakanitazama na wao. Maalimu wetu nilimwomba ushauri, maana naogopa kuambiwa siku ya mwisho nitie roho katika nilichokichora. Akasema si jambo la kupendeza, lakini kama naona sina budi, nisiwape macho yaliyo wazi. Kwa hiyo wanyama wangu wote wamefumba macho. Wanaonekana kama wanaota.

Lakini katikati, dada, nataka kumweka tembo wa baba. Unakumbuka? Mimi nilikuwa mdogo, naweka sikio kwenye lile shimo la bega la kuume la baba, na yeye anasimulia. Tembo asubuhi ni baridi kama jiwe la ziwa. Mchana anakunywa jua mpaka anaunguza. Ni mweupe kama maziwa yaliyolala. Ni laini, mkono unateleza. Na mchana kutwa hagusi chini. Tangu utoto wangu namwona hivyo, mweupe, anapita juu ya maji bila kuyakanyaga, hana haraka.

Wewe ulikuwa mkubwa, ulikaa na baba zaidi. Niandikie kila alichosema. Alimwona wapi? Alikuwa akienda wapi? Picha nzima imesimama inakusubiri wewe.

Ndimi mdogo wako,
Alimasi


Ujiji, 12 Machi 1962

Kwa ndugu yangu mpendwa Alimasi,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa nahodha, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mimi ni mzima wa afya ila goti, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Idi imepita salama. Wajukuu wamekula mpaka wakalala kwenye mkeka pale pale. Hapa uhuru tumeuzoea, watu wamerudi kugombania mpaka wa kiwanja kama kawaida.

Habari ya picha imenifurahisha. Baba angefurahi pia, alipenda kukuona na rangi mkononi.

Kuhusu tembo, ndugu yangu, mambo hayo ni ya zamani. Baba alimwona tembo, ndiyo, wakati wa ujana wake huko Manyema. Mchore tu kama watu wanavyomchora. Mtie miguu minne na masikio, inatosha.

Msalimu Zena. Mwambie bamia asiache zikomae sana, zinakuwa kamba.

Dada yako,
Esha

(Mjomba shikamoo. Mimi ni Aruna mkweo, mume wa binti ya dada yako, ndiye mwandishi. Mama aliponiambia niandike habari ya tembo alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia andika hayo hayo yatosha. Baba yangu naye anakusalimu. Anauliza huyo mzee Feruzi alikuwa wa ukoo gani wa Manyema, maana yeye anapenda kujua ukoo wa kila mtu.)


Rumonge, 1 Aprili 1962

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini goti linakupa nafasi ya kusali umesimama. Hapa mvua zimekaza, na ndagala, dagaa wetu wa huku, ni wengi mpaka ufuko mzima unang'aa wakianikwa. Mke wa jirani yetu amejifungua mapacha. Mume anazunguka mtaani na tabasamu, anauliza watu kama wanajua mahali pa kununua utulivu.

Ngoja na mimi nikuchekeshe kidogo. Rangi nyeusi iliniishia, na ya dukani haijafika kutoka mjini. Nikasema, mimi mtu wa Rumonge nitakosaje mafuta? Nikasaga masizi ya chungu, nikachanganya na mawese, nikapaka nyati watatu wakubwa. Wazuri sana, weusi, wanang'aa. Siku ya kwanza hawakukauka. Nikasema ni mvua. Siku ya tano, hawakukauka. Siku ya nane nikakuta siafu wamepanga mstari kutoka chini ya ukuta mpaka puani mwa nyati wa kwanza, na kuku wa Zena wanadonoa nyati wa pili mguu. Zena alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Bwana Alimasi, wanyama wako wako wazima, wanaliwa." Mawese hayakauki, dada. Miaka arobaini na saba nayala, sikuwa nalijua hilo. Nimewafuta kwa mchanga na sabuni.

Lakini tembo nimemchora. Jibu lako lilikuwa fupi, nikafuata usingizi wangu. Kila siku baada ya alasiri najinyoosha kidogo kwenye mkeka kibandani, na hapo katikati ya kulala na kuamka anakuja. Hana sauti. Anatoka upande wa Kongo, juu ya maji, ziwa chini yake limetulia kama chai kwenye sahani. Anapita ufuko, anapita michikichi. Mimi nanyoosha mkono, namgusa, na ni baridi, na mkono wangu unateleza juu yake mpaka naamka. Basi nikamweka vile vile. Ameshika karibu nusu ya kitambaa. Mweupe, macho yamefumba, miguu inaning'inia, na chini yake pako wazi. Nikimaliza kupaka nasimama mbali, moyo unatulia kama nimetoka msikitini.

Sasa shida. Kuna dereva wa lori, Cikuru, Mushi kwa kabila, mtu wa Bukavu, hupakia samaki hapa kupeleka mjini. Alishuka, akatazama, akacheka. "Muzee, hii ni tembo ao ni sabuni? Mimi tembo nimeona Rusizi na macho yangu mawili. Ni rangi ya majivu. Ngozi iko na mikunjo kama koti ya muzungu imelaliwa. Tena inakanyaga chini, wee, inakanyaga sawasawa, udongo unatetemeka."

Nikamwambia baba yangu alimwona pia, na hakuwa mwongo.

Akasema, "Labda alimuona kwenye ukungu."

Kisha Jean-Pierre akaja kukagua. Aliwasifu viboko. Aliwasifu tumbili. Alipofika kwa tembo akavua miwani. "Muzee, watu watacheka. Siku ya independansi tutundike nyuma ya wakubwa tembo mweupe anaruka? Umupake majivu, umuweke chini. Ao viti hakuna."

Dada, nifanyeje? Nikimpaka majivu, nimesema baba alidanganya. Nisipompaka, wazee wetu watasimama nyuma ya kamba. Nijibu vizuri safari hii. Baba alimwona wapi, na kwa nini alikuwa mweupe?

Mdogo wako,
Alimasi

Mwambie Aruna namjibu baba yake hivi, ukoo wetu ni ukoo wa Feruzi, na Feruzi alikuwa muungwana, hakuwa mtumwa wa mtu.


Ujiji, 22 Aprili 1962

Ndugu yangu Alimasi,

Nakusalimu sana. Sisi wazima. Habari ya nyati na kuku tumeicheka nyumba nzima.

Mpake majivu. Yule dereva amesema kweli. Tembo ni rangi ya majivu na anakanyaga chini, kila mtu anajua. Baba alikuwa akisimulia watoto, na masimulizi ya watoto ni kama uji, unatiwa maji kidogo.

Wape wazee viti vyao. Hilo ndilo kubwa.

Esha

(Mjomba, mama ameniambia nisiongeze neno. Basi siongezi. Shikamoo.)


Rumonge, 18 Mei 1962

Dada,

Shikamoo. Idi ya kuchinja imepita vizuri, tulishirikiana mbuzi mmoja na majirani. Zena ana homa lakini inashuka. Natumaini nanyi mu wazima.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira baba alituambia ilale siku saba kabla ya kutumwa. Hii imelala siku kumi na bado imeamka na hasira.

Uji unaotiwa maji? Umesema hivyo, dada, kuhusu baba? Mtu aliyenifundisha kwamba hata kumwita kuku kwa mkono mtupu ni uongo? Wewe ulikuwa pale. Ulikuwa unamenya mihogo, ukisikia anasimulia ulikuwa unaacha kisu. Nakumbuka kisu kikisimama. Sasa nakuomba neno moja la baba, unanipa masikio na miguu minne.

Labda kule kwenu baba amekuwa mzigo. Umeozesha binti kwa watu wanaohesabu mababu kama shanga za tasbihi, na mvuvi wa Rumonge hapandi kwenye uzi ule. Kama ni hivyo niambie, nitaacha kukuuliza.

Jean-Pierre amenipa mpaka tarehe ishirini na tano mwezi wa sita. Nilichanganya rangi ya majivu, dada. Ndoo nzima. Nikapanda ngazi, nikaweka brashi juu ya mgongo wa tembo, nikapaka kipande kama cha kiganja. Mkono ukakataa. Nilihisi nampaka baba matope usoni. Nikashuka, nikakifuta kile kipande kwa kanzu yangu.

Bibi Sikujua, yule mzee sana anayeanika ndagala karibu na kibanda changu, ndiye peke yake hasemi kitu. Mtaa mzima umekuja kutazama na kutoa maoni, hata maimamu wawili na mbwa wa padri. Yeye anapita na kikapu chake amegeuza uso upande wa ziwa, kila siku, kama ukuta ule una moshi.

Barua hii ni ya mwisho. Usiponijibu, nitampaka majivu, na sitauliza tena.

Alimasi


Ujiji, 10 Juni 1962

Mdogo wangu Alimasi, mwana wa mama yangu,

Mwenyezi Mungu akupe afya, na Zena amwondolee homa. Barua hii naiandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, maana za Kizungu sizijui. Mistari ikipanda na kushuka usinicheke, macho yangu hayaoni tena mwisho wa karatasi. Nimeiandika siku tisa, kila siku kidogo, Aruna akiwa dukani. Ni mkwe mwema, anijalie Mungu wengine kama yeye, lakini angeandikaje hili halafu aketi kula na baba yake?

Umenituhumu kwamba naona haya juu ya baba. Nimelia, halafu nikaona kuna nusu ya kweli. Basi sikiliza.

Baba hakuona tembo. Hakuona hata mmoja maisha yake yote. Alibeba pembe.

Alikuwa hajaota ndevu. Walichukuliwa pamoja, watu wengi, kijiji chao huko Manyema, jina lake hakulitaja hata kwangu. Walifungwa kwa kamba shingoni, wakapewa mizigo, wakatembea miezi mpaka ziwani. Pembe yake ilikuwa ndefu kumshinda yeye. Usiku ililala nje, kwa hiyo asubuhi alipoiweka begani ilikuwa baridi mpaka anatetemeka. Mchana ilikunywa jua ikamuunguza. Ilikuwa nyeupe, na laini, ikiteleza kwa jasho, naye aliishika kwa mikono miwili. Na ilikatazwa kugusa chini kabla ya kambi. Aliyeitua njiani alipigwa, na mwingine alipigwa akabaki huko huko. Jioni mtu wa mbele alipiga kelele, tua. Baba aliniambia hajasikia neno tamu kuliko hilo, hata adhana, Mungu amsamehe.

Lile shimo la bega uliloweka sikio ndilo hilo.

Jina la Feruzi alipewa njiani na mwenye msafara. Ukitazama majina yetu, ndugu yangu, wengi tumepewa majina ya vito na mtu aliyetuhesabu.

Ulikuwa na miaka mitano. Ulimuuliza, baba, nani alikulalia hapa? Akanitazama mimi, kwa sababu nilikwisha kujua, mama aliniambia. Kisu changu kikasimama, umekumbuka sawa. Akasema, "Tembo." Ukacheka kwa furaha, ukataka kujua zaidi. Naye akaanza kukueleza, baridi yake, weupe wake, jinsi asivyogusa chini. Niliona uso wake unalegea kama mtu anayefunguliwa. Hakukudanganya, Alimasi. Alitoa kamba tu, akakupa kilichobaki.

Aliniapisha kwa Msahafu nisiwaambie ninyi wadogo, wala wakwe. Alitaka mtembee kama watu ambao hawajawahi kufungwa.

Na lingine. Siku aliyokufa wewe ulikuwa Nyanza-Lac kwenye kazi. Nilikuambia aliondoka na shahada, na ni kweli aliitamka alfajiri. Lakini neno la mwisho lilikuja baadaye. Alisema, "Esha, nitue." Nikadhani mto uko juu sana. Nikaushusha. Akanitazama, hakusema tena. Miaka kumi na saba nalala na mto ule.

Nimevunja kiapo. Nimefunga siku tatu kwa kafara yake, hata goti limeshangaa. Tembo sasa ni wako, mpake unavyotaka. Na barua hii ukiisoma ichome, au usiichome. Mimi nimechoka kuchagua.

Dada yako,
Esha


Rumonge, 8 Julai 1962

Dada yangu Esha, mama yangu wa pili,

Shikamoo, na tena shikamoo. Naanza kwa kukuuliza hali, goti, macho, usingizi. Zena amepona, anakuombea. Mapacha wa jirani wamepewa majina na wanalia kwa zamu, hawagongani. Sisi wote ni wazima, na tumepata independansi, na nakuomba unisamehe barua ya mwezi wa tano. Ningekuwa karibu ningekushika miguu.

Barua yako nahodha alinipa tarehe kumi na saba. Nilipoona mwandiko nilijua ni wewe, herufi zako bado zinaegemeana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Niliisoma nyuma ya ghala nimekaa mchangani. Nikaisoma tena. Siku tatu sikushika brashi. Nilikuwa nakwenda msikitini, narudi, nakaa mbele ya kitambaa. Zena hakuniuliza kitu, aliniletea chai akaiweka, akaichukua imepoa, akaleta nyingine.

Siku ya nne nilipanda ngazi nikakaa karibu na miguu yake. Nikaona kosa la picha. Rangi haikuwa na kosa hata kidogo. Mimi na baba tulikuwa tumemwacha tembo juu miaka yote hiyo. Mimi nilipenda apite bila kugusa, nikaona ni uzuri, na baba alikuwa amemshika tu.

Basi nilimtua, dada.

Nilichanganya udongo mwekundu na rangi ya kahawia nikaweka ardhi chini yake. Nikaweka matete, majani, matope ya ufukweni. Nikashusha mguu mmoja mmoja, kila mguu siku moja, na kila nilipoanza nilisema bismillah. Wa mbele wa kuume niliuacha mwisho. Nilipoukamilisha matope yakapanda kidogo kati ya vidole, kama ya mnyama mzito kweli, na mimi mwenyewe bega likaniuma, nikacheka, nikalia. Weupe sikuugusa. Macho sikuyafungua. Ameshuka tu, amelala amesimama.

Tarehe ishirini na tano Jean-Pierre alikuja na wenzake wawili. Alitazama muda. "Muzee, chini umeweka. Murakoze, asante. Lakini bado mweupe."

Kabla sijajibu, Bibi Sikujua akaja na kikapu chake. Dada, yule bibi aliyekuwa anageuza uso. Aliweka kikapu chini, akaenda mpaka kwenye ukuta, akaweka kiganja chake chenye magamba ya samaki juu ya tembo, mahali pa bega. Akakaa hivyo. Akasema peke yake, "Baridi."

Kisha akamgeukia karani. "Mujukuu, umewahi kumubeba?"

"Kumubeba nani, bibi?"

"Huyu."

Wale wenzake wakacheka kidogo. Bibi hakujali. Alishusha kanga kwenye bega lake, mbele ya wanaume, mama wa miaka themanini na zaidi, na pale kwenye mfupa pana shimo. Sawa na la baba, dada. Unaweza kuweka yai.

"Mimi nilikuwa na ndogo," akasema. "Mama yangu alikuwa na kubwa. Yeye aliitua njiani. Ni nyeupe. Unataka kuuliza nani tena?"

Akapandisha kanga yake.

"Nasikia unasema sisi tulikuja," akamwambia. "Anayekuja anachagua njia. Mimi miguu ilikuwa yangu, njia haikuwa yangu. Nimefika hapa nikaambiwa tua, nikatua. Basi ni hapa."

Jean-Pierre alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, na ilikuwa safi. Akaniuliza, "Muzee, tulisema viti ngapi?"

"Vinane."

"Nitaleta tisa."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Walitundika kitambaa kwa kamba kati ya nguzo nne, nyuma ya viti, kinatazama barabara na ziwa. Watu walikuwa wengi, kutoka Kigwena mpaka Magara, ngoma, watoto juu ya michikichi. Wengine walicheka, sitakuficha. Cikuru alisimamisha lori, akaita, "Sabuni imeshuka." Lakini alishuka na yeye, akasimama na kofia mkononi, na akakaa mpaka mwisho. Wazee wetu walikaa mbele. Bibi Sikujua alikaa kiti cha tisa, moja kwa moja chini ya mguu ule wa kuume, miguu yake haifiki chini kwa udogo, kikapu kwenye magoti. Hakutazama ziwa. Alitazama watu.

Bendera ilipopandishwa upepo ukaingia kutoka majini. Kitambaa kikajaa kama tanga, maana ni tanga. Na tembo akavuta pumzi, dada. Kifua kikatoka, kikarudi. Nikasema astaghfirullah, nikakumbuka siku nitakayoulizwa. Halafu nikaona nitajibu nini. Nitasema, Bwana, sikumtia roho. Nilimtua tu.

Barua yako sikuichoma. Zena ameishonea ndani ya pindo la kitambaa, upande wa chini, mahali matope yanapoanza. Haisomwi na mtu, lakini iko. Na wewe, mto ule ushushe sasa. Ulifanya ulichojua. Naamini alisikia ukimshusha, hata kama kidogo.

Baba yake Aruna akiuliza tena ukoo wetu, mwambie unavyoona vema. Mimi kwa upande wangu, nikiulizwa, sitasema tena muungwana. Nitasema alibeba.

Naomba unijibu upesi, dada, hata mistari miwili, kwa mkono wako mwenyewe.

Mdogo wako,
Alimasi bin Feruzi